Siku Arobaini na Moja za Mwepu

Kampuni ilitoa siku tatu za kilio. Kapita Zacharie alitoa zake. Mzazi akifa, siku saba. Mtoto, siku kumi. Mke au mume, siku kumi na nne. Hakuna aliyemtuma kupanga hivyo na haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi ya brigedi ya nne tu, watu wanane na kapita wao, yaani msimamizi, waliotengeneza njia ya reli kutoka Kamina kuelekea Luena kwa niaba ya kampuni moja ndogo yenye makao Lubumbashi.

Mtu akifiwa, wenzake waligawana kipande chake cha njia. Walitangulia alfajiri, wakarudi jua limeshazama, wameinua mataruma yao na yake. Na Salomé, aliyeshika daftari la mahudhurio, aliandika jina la mfiwa kama siku zote: yupo. Maana siku tatu zilimtosha nani? Treni ya Bukama ilijulikana siku ya kuondoka, siku ya kufika ilijulikana na Mungu. Mtu azike mama yake kule Katoto, akae na wajomba, asikilize maneno ya ukoo mpaka yaishe, halafu siku ya nne awe kwenye reli na sururu mkononi?

Salomé aliandika bila kusita, kwa sababu naye alikuwa amefunikwa hivyo hivyo. Mumewe Umba alipokufa, Zacharie alilichukua daftari akaliandika mwenyewe siku kumi na nne, kwa herufi kubwa zilizolala upande kama walevi, na jina la Salomé akaliweka juu kabisa. Aliporudi hakuna aliyemwuliza kitu. Jessé wa magazini, kwenye ghala la vifaa, peke yake alifungua ukurasa, akatikisa kichwa.

"Mama Salomé, hizi wiki mbili uliandika mubaya sana. Nilizani malaria ilikupanda mu vidole."

Salomé alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

Huyu Jessé ndiye aliyetunza vifaa, na katika daftari lake desturi ya kilio haikuingia. "Jina naweza kuandika hata ya mufu," alikuwa akisema. "Lakini sururu, hapana. Zikitoka sita, naandika sita. Moja ikipotea, njo minyi batakamata." Kwa hiyo kwa miaka tisa daftari la Salomé lilisema watu wanane, na ng'ambo ya ukumbi daftari la Jessé lilisema sururu saba, au sita. Mkaguzi alipopita alisoma moja, akanywa soda, akapanda gari. Hakuna aliyewahi kuyaweka mawili pamoja mezani.

Mwaka huu alikuja Dany kutoka Lubumbashi, mtu wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye kusalimia kila mtu kwa mkono. Kampuni ilikuwa inapangwa upya. Ukutani kwa Zacharie kulikuwa na mchoro wa zamani wa kampuni: mkurugenzi juu, chini yake mainjinia, chini yao wakuu wa sehemu, chini yao makapita, na chini kabisa, kwenye kisanduku kimoja, wafanyakazi wote bila majina. Dany alisema mchoro huo umekufa. Safari hii wakubwa hawatajifungia hotelini wagawane vyeo. Akili bandia itasoma jinsi kazi ilivyofanyika kweli, siku kwa siku, kisha itachora kampuni inayolingana na kazi hiyo.

"Njo vizuri," alisema Zacharie. "Pengine itaona kama tuko bachache."

"Itaona yote, Baba Kapita," alisema Dany. "Inahitaji tu data zilizo safi."

Salomé aliingiza madaftari ya miaka tisa kwenye kompyuta kwa wiki tatu. Aliona fahari. Hapakuwa na mstari mtupu, hapakuwa na jina lililofutwa. Daftari la Jessé lilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mashine iliyasoma yote mawili kwa alasiri moja.

Siku ya majibu Dany aliwaita Salomé na Zacharie ofisini, akawageuzia kompyuta. Mchoro mpya haukuwa na juu wala chini. Katikati palikuwa na duara moja, ndiyo mashine yenyewe, na kutoka kwake mistari ilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya kila mfanyakazi. Asubuhi simu itamwambia mtu aende kilomita gani akafanye nini. Wakuu wa sehemu hawakuwepo tena. Zacharie alibaki pembeni, katika kisanduku kidogo, kama msimamizi wa usalama. Na brigedi ya nne ilikuwa na majina sita.

"Bawili beko wapi?" aliuliza Zacharie.

Dany alishuka chini ya ukurasa. Mwepu. Divin. Mbele ya kila jina palikuwa na hesabu ya siku ambazo mtu huyo alihudhuria bila kuchukua kifaa, na kazi ya brigedi haikupungua hata mita moja. Divin, siku thelathini na nne. Mwepu, siku arobaini na moja. Mashine haikusema wizi. Ilisema: hawana mzigo wa kazi.

Salomé alizisoma tarehe, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameshazijua. Siku kumi na nne za Septemba, hizo ni za Mireille, mke wa Mwepu. Siku saba za Novemba, mama yake, kule Katoto. Kumi, halafu kumi nyingine, ni za watoto wake wawili. Upande wa Divin, mke, mtoto, na mtoto mwingine wa mwaka uliofuata. Mashine iliwatafuta watu wasio na kazi ikawapata waliozika zaidi kuliko wote.

Jina lake mwenyewe halikuwemo. Kalamu haitolewi magazini.

Alingoja Zacharie atoke, akafunga mlango. Alijua kilichokuwa mbele yake. Akinyamaza, Mwepu anapoteza kazi, na pamoja na kazi anapoteza nyumba ya kambi ya reli, vyumba viwili ambamo alibaki na binti yake mmoja. Akisema, anakiri kwamba alidanganya miaka tisa.

"Bwana Dany, hizi siku hawakukuya kazini. Balikuwa mu kilio. Minyi niliandika."

Dany aligeukia tena zile tarehe. "Na kazi yao ilifanywa na nani?"

"Bengine. Baliongeza saa."

"Hizo saa ziliandikwa?"

"Mwanangu, nani anaandikaka saa ya kusaidia mufiwa?"

Dany alijipangusa uso. Alisema mashine haifukuzi mtu, inapendekeza tu.

"Sasa nani anafukuza?"

"Direksheni."

"Na Direksheni inaangalia nini?"

Dany aligeuza swali. Alisema kuna njia moja. Data zikisahihishwa, na hizo siku zikiandikwa kama zilivyokuwa, mashine itachora upya, na pengine Mwepu na Divin watarudi. Lakini lazima pawe na jina la aliyetoa amri.

Salomé alimkuta Zacharie nyuma ya magazini, anajimwagia maji kichwani kwa kopo. Alimweleza yote. Mzee yule akaweka kopo chini.

"Andika ukweli," alisema. "Andika ni minyi nilibatuma."

"Batakufukuza, Kapita."

"Banifukuze, nilishazeeka. Mwepu atapeleka mutoto wapi? Enda, andika, mbele sijabadilisha roho."

Basi wakakaa siku mbili, mzee akikumbuka, Salomé akipiga chapa. Kila kifo cha brigedi ya nne kilipita tena mbele yao. Mara nyingine Zacharie alisimama kidogo: "Hapana, huyu alikufa Jumatatu, mvua ilinyesha mpaka tukaacha kazi." Wakapanga siku zote mahali pake: hayupo, kwa amri ya kapita. Salomé aliona kama anawazika watu mara ya pili, lakini safari hii kwa majina yao. Alipomaliza alisikia mwili mwepesi. Alimpikia Dany bukari, ule ugali mzito, na samaki wa Bukama, akala naye, akaamini.

Mchoro wa pili ulitoka asubuhi yake. Dany alikaa nao peke yake kwa muda mrefu kabla ya kuwaita.

Mwepu na Divin hawakurudi. Kwanza walikuwa watu wanaokuja bila kufanya kazi, sasa walikuwa watu wasiokuja, bila ruhusa ya kampuni, na mashine ilikuwa na uthibitisho wa kuandikwa na kutiwa sahihi kwamba wasipokuja hakiharibiki kitu. Sita wanatosha. Chini yake kulikuwa na sentensi moja mpya, ya sifa. Kikosi hiki, ilisema, hujipanga chenyewe mtu anapokosekana, tena bila kuchelewa. Hakihitaji kapita.

Kisanduku cha Zacharie kilikuwa kimeondoka.

"Nimejaribu kuwaandikia," alisema Dany. Sauti yake ilikuwa chini. "Nimewaeleza habari ya kilio. Wamejibu kwamba kwa kilio kuna siku tatu."

Zacharie alianza kucheka, cheko la tumboni lililomfanya ashike meza.

"Kumbe kazi tulitumika muzuri," alisema. "Tungetumika mubaya, tungebakia bote."

Halafu akachukua kofia yake, akamshika Dany mkono kama desturi, akatoka. Salomé alimwona kupitia dirisha akisimama uani, hajui aelekee wapi, maana miaka ishirini na sita saa ile alikuwa njiani na watu wake.

Mwepu alipata habari kwenye reli. Simu mpya ililia saa nne, akaweka sururu chini, akasoma ujumbe kwa Kifaransa, akaurudia, akampa Divin amsomee. Divin naye alikuwa amepata ujumbe wake.

Kwa Salomé ilikuja barua. Kampuni ilimshukuru kwa uaminifu wake katika kusahihisha data, ikamwongezea miezi sita ya kukagua kama picha za asubuhi ambazo kila mfanyakazi hujipiga kwa simu zinalingana na nyuso zenyewe. Alitaka kuichana. Hakuichana. Naye alikuwa na watu wa kulisha.

Jumamosi alikwenda kwa Mwepu kambini. Alibeba unga na karatasi yenye zile tarehe, kwa sababu alitaka kumweleza kwa mpango: hivi ndivyo ilivyokuwa, hivi ndivyo tulivyojaribu. Mwepu alikuwa anafungua vitanda. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na binti yake alikuwa ameshatangulia kwa shangazi upande wa Base, kwenye kituo cha jeshi nje ya mji.

"Karibu, Mama. Kiti hakuna, bilishaenda."

Salomé alieleza akiwa amesimama. Alisikia maneno yake yakitoka marefu na ya bure. Mwepu aliendelea na misumari, anaing'oa mmoja mmoja na kuitia kwenye kopo, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo weye njo ulibaambia kama sikukuyaka."

"Nilitaka kukusaidia."

"Weye na Kapita."

"Minyi na Kapita."

"Na mashine kwanza ilikuwa inasema nini?"

"Ilisema unakuya lakini hautumike kazi."

Mwepu alifikiri. "Ile ilikuwa bora," alisema. "Bantu bangesema Mwepu iko mvivu. Sasa bameandika kama minyi nikikosa, hata reli haisikie."

Salomé alinyoosha karatasi mbele kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, na Mwepu akaipokea, akaifuata kwa kidole chenye kutu. Septemba. Novemba. Alipofika Machi ya mwaka wa nyuma kidole kikasimama.

"Hii tarehe kumi na moja, ni nini?"

"Ni mutoto. Mudogo ule."

Alikuwa ameishi siku tisa. Hawakuwahi kumwandikisha mahali popote, wala kanisani wala kwa serikali, kwa sababu walingoja mama yake apate nguvu kidogo, na alipozipata mtoto hakuwepo. Mwepu alirudia tarehe hiyo polepole bila sauti, midomo tu.

"Nilikuwa nasema ni mwezi wa pili," alisema. "Mireille alikuwa anakatala, anasema wa tatu. Tulibishana mpaka naye akakufa." Akakaa juu ya mbao. "Alikuwa na haki, ni mwezi wa tatu."

"Mwepu..."

"Huyu mutoto hana karatasi yoyote duniani, Mama. Hata moja. Ni hii tu ya kunifukuza."

Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Unga aliuacha pale ulipokuwa, kizingitini.

"Karatasi nitabakia nayo," alisema. "Unga rudisha. Na weye, tafazali, kwangu usikuye tena."

"Nitakutafuta wapi?"

"Usinitafute."

Salomé aliinama akauchukua unga. Njiani alipishana na wanawake wa kambi waliomsalimia na kumwuliza Mwepu anahama lini, naye akajibu kwamba leo, na mmoja wao akauliza kama ni kweli nyumba sasa itapangishwa, maana shemeji yake anatafuta.