Taa ya Chumba cha Nyasi

Kazi ya Mama Pazia ilikuwa kuziletea nyasi usiku. Kila siku saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linachoma, alivuta kamba mbili nje ya banda la vioo, na pazia jeusi lenye uzito wa turubai likashuka pande zote. Saa moja asubuhi alilipandisha tena. Kisha akaandika daftarini saa ya kufunga na saa ya kufungua, akatia sahihi. Wenzake pale kwenye kituo cha utafiti walimtania kwamba analaza nyasi mapema kuliko alivyowahi kulaza watoto wake.

"Nyasi hazibishi," aliwajibu.

Ndani ya banda mlikuwa na miche kumi na miwili tu, yote ya jamii moja waliyoiita Namba Arobaini. Ilikuwa nyasi ya kuni: shina lake hukaushwa, husagwa na kubanwa kuwa vipande vya kuchochea matanuri ya viwanda. Nyasi nyingine zikishafika kifuani hutoa suke, na zikishatoa suke haziongezeki tena, nguvu zote huhamia kwenye mbegu. Namba Arobaini haikuwa na haraka hiyo. Ilirefuka mpaka ikampita mtu kimo, ikaendelea. Shida yake ilikuwa moja: mahali hapa haikuwahi kutoa suke hata siku moja, na nyasi isiyotoa suke huwezi kuiozesha kwa nyingine ikazaa.

Aliyeileta alikuwa Daktari. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtafiti wa vinasaba, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye miaka kumi na miwili alishikilia neno moja. Alisema Namba Arobaini si tasa. Ndani yake kuna kinasaba kimoja kinachopima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi, kinafunga mlango wa suke. Usiku ukirefuka vya kutosha, mfululizo bila kukatizwa, kinaufungua. Usiku wa hapa haukutosha. Wakubwa wa kituo walimsikiliza kwa adabu, wakamnyima banda. Walipompa, alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini.

"Nipe usiku wa saa kumi na nne," alimwambia Mama Pazia siku ya kwanza. "Siku ya hamsini na mbili utaniita, utaniambia suke limechungulia. Wakisema siku hamsini na mbili ni uganga, waambie nilipiga hesabu."

"Na lisipochungulia?"

"Basi mimi ni mwongo, na nyinyi mmepoteza pazia."

Walicheka wote wawili. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minane, na kila mmoja alijua jinsi mwenzake anavyokunywa chai.

Siku ya thelathini Daktari hakuja kazini. Alilazwa. Kuanzia hapo Mama Pazia alikuwa akipitia hospitali kila baada ya siku mbili, anampa habari za miche: majani mangapi, shina limefika wapi. Daktari alisikiliza akiwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza habari za wajukuu.

Siku ya thelathini na moja, baada ya kushusha pazia, Mama Pazia aligundua kuwa simu yake imebaki ndani, juu ya ndoo. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu alfajiri, na mume wa binti huyo alikuwa ameahidi kupiga. Akajipenyeza chini ya pazia, akawasha taa kubwa ya ukutani ili asikanyage miche. Akaiona simu, na papo hapo ikalia.

"Njoo," mkwe wake alisema. "Wanamwingiza chumba cha upasuaji. Njoo sasa hivi."

Alitoka mbio. Kuhusu taa, hakumbuki kitu. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kidole chake kikigusa swichi, hakukiona.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mama yake akapona. Mama Pazia alipewa ruhusa ya siku mbili. Mtunza bustani alimshikia kazi. Alivuta kamba jioni, akavuta kamba asubuhi, akaandika "Sawa" kwenye daftari. Hakuingia ndani, kwa kuwa hakuambiwa aingie. Mchana, jua likijaa kwenye vioo, taa haionekani. Usiku pazia halipitishi hata uzi wa mwanga.

Asubuhi ya tatu Mama Pazia alirudi na furaha zake, akaingia na ndoo ya maji kabla hajapandisha pazia. Akakuta humo ndani kweupe kama sokoni mchana.

Kisha akazima taa, akatoka, akapandisha pazia. Alishika kalamu. Kwenye daftari zilikuwa zimeandikwa "Sawa" mbili kwa mwandiko wa mtunza bustani, na juu yake sahihi yake mwenyewe ya siku ile ya kwanza. Akaandika saa ya kufungua, akatia sahihi, akafunga daftari.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye alipata vyote viwili ndani ya wiki moja.

Alijiambia labda haidhuru. Usiku thelathini ulishapita. Tatu ni nini? Lakini alikuwa amemsikia Daktari akiwaeleza wageni mara chungu nzima kwamba nyasi hii inahesabu, na ukiikatiza hesabu inaanza upya au inarudi nyuma, hakuna ajuaye kiasi gani. Alijua. Kila alipokwenda hospitali alikwenda na neno kinywani, na kila mara Daktari alimtangulia.

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, Daktari. Ananyonya kama amekodishwa."

Walicheka, na neno likarudi tumboni.

Siku ya hamsini na mbili ilifika, ikapita. Siku ya hamsini na tano Daktari hakuuliza tena habari za mjukuu.

"Bado?"

"Bado."

"Umepapasa shina? Halijavimba juu?"

"Halijavimba."

Daktari alitazama dari. Uso ulikuwa umebaki mifupa na macho. "Basi si kinasaba kile," alisema polepole. "Au si kimoja. Miaka kumi na miwili, Mama Pazia. Wale mabwana walikuwa sahihi, mimi nikawaita vipofu."

Mama Pazia alifungua mdomo. Muuguzi akaingia na sindano, akamwomba atoke. Ukweli ni kwamba angeweza kumwambia muuguzi asubiri. Hakumwambia. Alitoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini, akaondoka.

Siku ya hamsini na nane Msaidizi wa Daktari, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyetarajiwa kuirithi kazi, alikuja bandani na karatasi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jana aliniandikisha barua kwa wakubwa," alisema. "Anakiri kuwa alikosea. Anasema miche ikatwe, banda lipewe mwenye kazi ya maana. Kesho mama usishushe pazia, tutaleta panga."

Mama Pazia alikaa juu ya ndoo. "Hakukosea, mwanangu," alisema.

"Mimi pia sitaki kuamini, lakini…"

"Hakukosea. Mimi niliacha taa. Usiku tatu. Siku nilipopata mjukuu niliwasha taa humu na sikuizima, na niliporudi nikaiona, nikanyamaza. Anakufa akijua amekosea, na aliyekosea ni mimi."

Msaidizi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliikunja ile barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Twende."

Walipofika wodini, dada mkubwa wa Daktari alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mdogo wake. Aliwaambia kwamba tangu alfajiri haitiki, anapumua tu.

Msaidizi akainama sikioni kwa mgonjwa. "Daktari," aliita. "Daktari, hukukosea. Taa iliwaka usiku tatu. Hesabu ilikatizwa. Sikati mche hata mmoja, unanisikia? Hukukosea."

Kisha akamtazama Mama Pazia, naye akasogea, akapiga magoti, akasema yote tangu mwanzo, simu na ndoo na daftari, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine. Kope za Daktari hazikutikisika. Pumzi iliendelea vilevile, ndefu, fupi, ndefu. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi. Kama alisikia au hakusikia, hakuna atakayeweza kusema.

Msaidizi aliandika ukweli kwenye daftari kwa wino mwekundu na Mama Pazia akatia sahihi chini yake. Wakubwa walimwita, wakamwonya kwa barua, wakamwondoa bandani na kumpeleka stoo ya mbegu. Aliomba jambo moja tu, avute pazia mpaka mwisho wa jaribio, na Msaidizi akakubali kwa kichwa bila kumtazama.

Suke la kwanza lilichungulia siku ya sabini na moja. Lilikuwa la zambarau, jembamba, limejikunja ndani ya jani la mwisho. Ndani ya juma moja miche tisa ilikuwa imetoa. Msaidizi alikusanya chavua kwa bahasha, akaipaka kwenye masuke ya nyasi fupi ya milimani, na walipovuna walipata mbegu mia na sita, zinazoenea kwenye kiganja. Mwaka uliofuata walirudia jaribio kwa miche mipya bila mwanga wa bahati mbaya, na Namba Arobaini ikatoa suke siku ya hamsini na tatu. Msaidizi alichapisha matokeo kwa jina la Daktari kwanza, lake la pili. Na Mama Pazia alipokutana naye kwenye korido, walisalimiana, wakapita.

Siku alipopata nakala ya ile makala, Mama Pazia aliikunja vizuri, akaenda nyumbani kwa dada wa Daktari. Alimkuta anapanga nguo za marehemu kwenye maboksi. Mwaka mzima alikuwa hajathubutu kuzigusa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Mama Pazia alimpa karatasi, akamwonyesha mstari wenye namba ya siku. "Alisema hamsini na mbili. Imekuwa hamsini na tatu. Nimekuja uione. Na nimekuja kuomba radhi, maana siku ile wodini nilisema na yeye, sikusema na wewe."

Dada alisoma mstari ule, akaurudia. Akaiweka karatasi juu ya magoti, akailaza kwa viganja.

"Wiki yake ya mwisho," alisema, "alikuwa analia mchana. Mimi nilidhani ni maumivu. Nilikuwa nawaita wauguzi waongeze dawa."

Mama Pazia akaokota nguo iliyoanguka, akairudisha kwenye boksi.

"Umefanya vizuri kuja, mdogo wangu. Siwezi kukwambia nimesamehe, sitaki kusema neno ambalo sijalipata bado. Lakini umefanya vizuri." Alivuta boksi lililokuwa wazi. "Nishikie upande huo, tukunje shuka hili. Peke yangu linanishinda."

Wakasimama, kila mmoja akashika ncha zake mbili, wakakunja.