Gunia Kwenye Bomba

Julai ilimkuta Apondi Mowlem akiwa na sweta mbili na hasira tele. Alikuwa ametoka Ugenya na kuku wa supu ya mzazi, kuja kumlea mjukuu wake Ochola, ambaye hata kitovu kilikuwa hakijakauka. Akakuta nyumba ya mawe, baridi inapanda kutoka sakafuni. Baridi gani hii, jamani!

Kabla ya kwenda kazini, mwanawe Jackton alimwonyesha jiko la kuni alilolichomelea mwenyewe, lenye bomba lililotokeza nje kupitia ukutani.

"Mama, bomba lisizibwe. Na dirisha liache wazi kidogo."

"Mimi nimepika kwa kuni kabla hujazaliwa," alimjibu. Eti afundishwe moto na mtoto!

Jikoni kwake Ugenya moshi ulijaa kila siku na hakuna aliyekufa. Lakini jiko lile la Ugenya lilikuwa chini ya paa la nyasi, nyumba inapitisha hewa kila upande. Hilo hakulifikiria. Yeye aliona joto la mjukuu wake likipotelea nje. Akangoja kuni ziwe makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe, kisha akatoka, akapanda kwenye stuli na kushindilia gunia lililolowa maji kwenye mdomo wa bomba. Aliporudi ndani akafunga dirisha na mlango.

Nyumba ikapata joto kweli. Mkwe wake Awuor akalala, mtoto kifuani. Apondi akavua sweta zake, akakaa kuchambua mboga. Kichwa kikaanza kumgonga, akalaumu safari. Miguu ikawa mizito, akalaumu uzee. Ochola hakulilia ziwa, naye akamsifu kwa utulivu.

Mara kuku, aliyefungwa kwenye mguu wa meza, akaanguka ubavu.

"We! Usinifie kabla ya kisu," Apondi alimkaripia. Akamsukuma kwa kidole cha mguu. Shingo ililegea.

Alimtazama kuku, akatazama kitanda. Hewa aliyovuta kuku ndiyo aliyokuwa akivuta Ochola.

Alisimama, akaanguka. Akatambaa hadi mlangoni, akausukuma wazi, akarudi kumchukua mtoto. Mtoto alikuwa amelegea. Akatoka naye hadi kwenye korido. "Qamar! Qamar, njoo!" Jirani alikuja mbio, akamshika Awuor kwapani na kumburuta hadi kwenye korido, kisha akapiga simu kutafuta gari la kuwapeleka hospitali.

Apondi alimpuliza mtoto usoni, akampiga nyayo, akamwita jina. Kimya. Akampiga tena.

Mtoto akalia. Mungu wangu, akalia!

Upepo ulikuwa unavuma kwenye korido ile, na sweta zake zote mbili alikuwa ameziacha ndani. Awuor alimaliza kutapika, akainua kichwa kwa shida.

"Mama, mfunike. Atapata baridi."

Apondi alivuta shali aliyofunikwa mtoto na kuufunua uso wake wote.

"Mwache aipate," alisema, huku akitetemeka.