Difu ya Shangazi Lavonne

"Difu ya kunishinda mimi haijazaliwa," alisema Tuck Amstutz, akitoka chini ya gari, Chevelle ya mwaka sabini, uso umepakwa oili kama bibi harusi aliyesingwa.

Binamu yake Dena alikuwa ameegemea mlango wa gereji akitafuna pipi. Yeye hufanya kazi duka la matairi, na kwa miaka yote ya udugu wao hajawahi kumwamini Tuck hata kwa bisibisi.

"Hiyo umeifungua mwenyewe?"

"Nimeifungua, nimetia plati mpya, nimeifunga. Hata mtengenezaji wake angeniamkia."

Difu, ile gia ya nyuma inayogawia matairi nguvu za injini, kwenye gari la kawaida ni mwoga. Tairi moja likiteleza, hilo hilo ndilo linalomiminiwa nguvu zote, na mwenzake anabaki kutazama kama mgeni msibani. Ya Chevelle ilikuwa ya kubana. Ndani yake mna plati nyembamba za klachi zinazoyashika matairi ya nyuma pamoja, ukikanyaga mafuta yanasukuma yote, na lami inabaki na mistari miwili myeusi. Katika mji wao, huko kaskazini mwa Ohio, anayeacha mstari mmoja huitwa Mguu Mmoja mpaka siku ya kuzikwa. Marehemu Merle, mume wa Shangazi Lavonne, aliacha miwili maisha yake yote.

Sasa gari lilikuwa la shangazi, na shangazi alishatoa hukumu. Jumamosi ya maonyesho ya magari ya zamani ataliendesha mwenyewe kuzunguka mahakama. Likienda vizuri, litakaa kwa Tuck, alitunze na alifurahie. Likimtia aibu, litakwenda kwa binti yake Dena, naye atang'oa ile difu na kufunga ya kawaida, mama aendeshe kwa amani. Kwa Tuck hilo lilikuwa sawa na kumng'oa simba meno ili awe paka wa nyumbani.

Ijumaa mchana walitoka kulijaribu. Barabara iliyonyooka, gari tulivu kama sala. Walipokata kona ya benki, difu ikaguna. Si mguno wa adabu. Ulikuwa wa ng'ombe anayezaa, na mkia wa gari ukarukaruka kona nzima.

"Nini hiyo?" Dena akauliza.

"Matairi mapya, yanazoea."

"Matairi niliyafunga mimi, dogo. Matairi yangu hayaongei."

Walirudi gereji. Tuck akapiga jeki nyuma yote, akaweka gia huru, akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. La kulia likafuata upande ule ule, tena kwa utii. Basi difu inabana. Akaitikisa shafti, imetulia. Akasikiliza beringi, ziko kimya. Akachovya kidole kwenye oili, akaipaka kwenye karatasi nyeupe na kuitazama juani: hakuna hata chembe ya chuma, kwa hiyo meno ni mazima. Kazi safi, na aliifanya huku akipiga mluzi, kwa sababu Tuck akishindwa hupiga mluzi zaidi.

"Inaguna kwenye kona tu," alisema. "Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo plati lazima ziteleze kidogo. Hizi zinang'ang'ana, zinaachia, zinang'ang'ana tena."

"Ulitia ile dawa?"

"Dena. Mimi si mtoto."

"Nimeuliza dawa, sijauliza umri."

"Nilitia."

Dena akavuta kiti, akakaa mlangoni kama askari wa ushuru. Tuck akageuka kutafuta kitambaa, na pale rafuni, nyuma ya kopo la grisi, akaiona. Chupa ndogo ya dawa ya kulainisha, ile inayochanganywa na oili ya difu za kubana ili plati zipishane bila ugomvi. Kifuniko bado kilikuwa na lakiri yake, hakijafunguliwa hata mara moja.

Angesema palepale, pangekuwa na kicheko kimoja na kazi ingeendelea. Lakini alimjua Dena. Habari hiyo ingefika duka la matairi kabla ya difu kupoa, na mpaka Krismasi kila mteja angeulizwa kama amekunywa dawa yake. Chupa ikaingia mfukoni.

"Naenda kwa rafiki yangu mwenye lifti ya kuinulia magari," alisema. "Nataka kuifungua tena."

Hakwenda kwa rafiki wala kwenye lifti. Alikwenda uwanja wa maegesho wa kanisa, mpana na mtupu siku za Ijumaa. Akatandika boksi lililokunjuliwa, akaingia chini, akanyonya oili kidogo kwa pampu ya mkono kupisha nafasi, akaikamulia difu chupa nzima. Kisha akafanya lile ambalo kila mwenye gari la namna hii hulijua na hapendi kuonekana akilifanya: akaanza kuchora nane, polepole, kulia na kushoto, ili dawa iingie katikati ya plati. Raundi za kwanza ng'ombe alizaa. Baadaye mguno ukawa wa tumbo la mwenye njaa. Baadaye kimya, na Tuck akachora nane nyingine kadhaa kwa raha tu, mkono mmoja dirishani.

Aliporudi, Shangazi Lavonne alikuwa amefika, amesimama karibu na Dena, aliyekwisha kumweleza habari za mguno, na aproni kiunoni. Tuck akamzungusha kona ya benki, kisha nyingine mbili za mtaani. Hakuna aliyeguna, si difu wala abiria.

"Imepona," shangazi akakiri waliporudi. "Ulifanyaje, mwanangu?"

Tuck akamtupia Dena jicho, akakunja mikono kifuani.

"Mpangilio wa plati, shangazi. Nimeipandisha kwenye lifti, nimetoa kifuniko, nimezichomoa moja moja na kuzipanga upya. Kuna plati moja ilikuwa imekaa kinyume, unene wa unywele tu. Ni jambo la kuhisi kwa kidole. Si kila mtu ana kidole hicho."

"Haya makubwa," shangazi alisema. "Na plati ulizichomoa ukiwa unazunguka, au ulisimama kwanza?"

"Nikizunguka wapi?"

"Mimi nilikuwa jikoni kanisani mchana kutwa, tunapika tambi za karamu ya kesho. Dirisha la jikoni linatazama uwanjani. Tulikuwa wanawake sita, Tuck. Wawili walitaka kuita polisi. Nikawaambia muacheni, Merle naye alikuwa anakuja hapahapa na chupa yake kila akibadilisha oili."

Dena aliinamisha kichwa magotini, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Shangazi akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo kutoka vidoleni mwa Tuck, akaufumbata.

"Sasa nieleze upya," akasema, "na safari hii anzia kwenye chupa."