Soya Kilo Mbili

Shwa, shwa, shwa. Pipa la kuchanganyia lilisikika tangu nje ya ukuta. Mama Kikaango, aliyekaanga soya katika kiwanda kile cha unga wa lishe kwa miaka kumi na mmoja, alisimama langoni akatega sikio. Unga wenye soya una mafuta. Hunata pembeni mwa pipa, kisha hudondoka kwa kishindo. Huu ulikuwa unateleza tu.

Tanuru lake lilikuwa baridi wiki ya tano sasa. Aliambiwa soya siku hizi inaletwa ikiwa imesagwa, akahamishiwa kufunga mifuko. Mifuko bado iliandikwa: soya theluthi moja, protini tele kwa mtoto anayekua. Mfuko kama huo ndio zahanati ilimpa mjukuu wake, na kila wiki uzito wa mtoto ulishuka. Juzi alikichemsha mwenyewe kinywaji cha unga huo. Cha soya hufura povu hadi kuzima moto. Hiki kilitulia kama maji ya kunawa.

"Shikamoo, mama yangu." Msimamizi, kijana wa rika la mwanawe, alimpa kifuko cha soya. "Washa tanuru. Mkaguzi anafika saa nne."

"Marahaba. Kilo mbili? Na mifuko elfu nne imeshapakiwa kwenye lori?"

"Hizi ni za kopo la sampuli. Kwa kukaanga huna mpinzani."

"Na ile ya kwenye lori ina nini?"

"Mama, unakaanga au unahoji? Wanaoitaka kazi hii wamejaa pale langoni, umewaona."

Alikaanga. Hakuunguza hata punje. Mikono yake haikujua kuharibu.

Mkaguzi alinusa kopo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Kikaango akajikuta keshasema:

"Mwanangu, chukua na mfuko mmoja wa kwenye lori. Mjukuu wangu anakunywa unga wa mifuko hiyo, na anakwisha."

Wafungaji wote waliinamia mifuko yao, hata wale waliokuwa wamemaliza.

"Mama," mkaguzi alisema kwa upole, akikaza kifuniko, "kwa utaratibu, sampuli inatolewa na kiwanda. Nikigusa lori, nitakuwa nimevunja sheria mimi."

Msimamizi alicheka, akamwekea mama mkono begani, akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Mama yangu, nakuahidi mbele ya mheshimiwa: mjukuu wako hatakosa tena. Kila mwezi katoni nzima, na ya kwanza tunaishusha sasa hivi kutoka kwenye lori."