Msomaji wa Banda la Gunyerra

Harufu ya kuungua ilimfikia Glenys Trattle akiwa amebakiza kurasa mbili za kitabu, naye hakuondoka. Alisimama pale pale kando ya meza ya unga, akasoma mpaka nukta ya mwisho. Ndipo akafungua oveni. Mapaja matatu ya kondoo yalikuwa meusi kama buti.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewapikia wakata manyoya ya kondoo katika mashamba ya bara ya New South Wales, na hakuwahi kuunguza hata mkate. Siku hiyo, katika shamba la Gunyerra, wanaume kumi na wanne walikaa mezani wakayatazama yale mapaja. Aliyesema kwanza alikuwa Kev Mulcahy, mzee wa kundi, aliyekula chakula cha Glenys kwa miaka mingi kuliko alivyokula cha mkewe.

"Mpishi, unaumwa?"

"Siumwi. Nilikuwa nasoma."

"Basi kitabu chenyewe kiwe kizuri, maana leo tunakula soli ya kiatu."

"Ni kizuri," alisema Glenys, akawakatia mkate na jibini. Hakuomba radhi.

Wote walijua jinsi Mpishi anavyosoma. Alisoma saa kumi na nusu alfajiri oveni ikipata moto, akasoma tena mchana vyombo vikishakauka. Alfajiri ilikuwa zamu ya vitabu vya mambo ya kweli: safari, vita, maisha ya nyuki. Mchana ilikuwa zamu ya riwaya, kwa sababu riwaya, alivyosema yeye, inamtaka mtu aliyekwisha kushiba. Kabla ya kugusa kitabu alinawa mikono hadi viwikoni, kwa kuwa mafuta ya manyoya hushika kila kitu, hata vitasa vya milango. Hakukunja pembe ya ukurasa. Aliweka njiti ya kiberiti. Kitabu kilichoanza na ndoto alikirudisha sandukuni. Kitabu ambamo watu wanakula, wanakula, na hakuna anayeosha vyombo, alikipa kurasa hamsini tu. Akimaliza, aliandika sentensi moja katika daftari, moja tu, hata kitabu kiwe kizito namna gani. Daftari sasa lilikuwa la tisa.

Siku za mvua kazi husimama, maana kondoo aliyelowa hakatwi manyoya. Wanaume walikuja jikoni mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta chai, naye akawasomea kwa sauti. Aliacha shule ana miaka kumi na minne kwenda kumsaidia shangazi yake kumenya viazi. Kusoma kwa sauti alijifunza mwenyewe, mbele ya sufuria.

Vitabu vilimjia kwa gari la barua, sanduku baada ya sanduku, kutoka kwa Averil, mkutubi wa mji wa Wirrabilla. Mwaka huo wilaya ilitafuta waamuzi watatu wa tuzo ya riwaya. Wawili walipatikana upesi. Jina la tatu Averil aliliandika bila kumuuliza mwenye jina, kisha akampelekea Glenys sanduku lenye riwaya kumi na mbili na barua fupi: hawa wengine wanasoma kwa ajili ya kazi, nimewatafutia mmoja anayesoma. Glenys alizisoma zote, na zile alizozitilia shaka alizisoma mara mbili. Iliyounguza nyama ilikuwa ya kumi na mbili.

Siku ya kikao aliondoka shambani katikati ya msimu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata alipong'olewa jino. Kev alikubali kushika jiko siku hiyo. Alikuwa pia ameosha kioo cha mbele cha pikapu ya Glenys, bila kuambiwa, na alipopewa asante alisema tu kwamba kule mjini asikubali kukalishwa pembeni.

Kilomita mia mbili baadaye Glenys aliketi katika chumba cha halmashauri, vitabu kumi na viwili mbele yake, njiti za kiberiti zikichungulia kila mahali. Upande wa pili walikuwa Dokta Philippa Orme, mhadhiri wa fasihi, na Russell Tregear, mhariri wa gazeti la wilaya. Walikuwa watu wa adabu. Walimmiminia chai, wakamuuliza habari za barabara, kisha wakaanza kuzungumza wao kwa wao.

Wote wawili walikuwa wamekubaliana juu ya riwaya ya ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao huko Sydney. Dokta Orme alisifu lugha yake kwa dakika kumi, na alisifu vizuri. Mwishowe alimgeukia Glenys.

"Sijui wewe, Bi Glenys, ulikiona kigumu?"

"Hapana. Nilikisoma mara mbili. Mara ya pili nilitaka kujua kwa nini sikiamini."

"Na ulipata jibu?"

"Kurasa mia nne, na hakuna mtu anayefanya kazi hata siku moja. Wanagombea nyumba, lakini hakuna anayeifagia. Mwandishi anajua maneno, hilo simnyimi. Watu ndio asiowajua."

Dokta Orme aliandika kitu kwenye karatasi yake. Tregear aliuliza, kwa upole, yeye angependekeza kipi. Glenys akasukuma mbele kile kitabu cha kumi na mbili, kilichoandikwa na dereva wa basi la shule ambaye jina lake hakuna aliyewahi kulisikia. Kilikuwa kisa cha mke wa mchimba visima, aliyemfuata mumewe kutoka shamba hadi shamba kwa miaka ishirini, akiishi hemani, mpaka asubuhi aliyofunga sanduku lake.

Tregear alitikisa kichwa. Kisa kinaanza vyema, alisema, lakini mwisho ni dhaifu. Mwanamke anaondoka halafu anarudi kwa mumewe, kama ilivyo katika visa vyote vya aina hiyo.

Glenys alimtazama. Alijua sasa kwamba mtu huyu hakufika mwisho wa kitabu, na alijua kwamba angeweza kumwaibisha mbele ya mwenzake kwa swali moja tu. Aliwaza jinsi Kev angeicheka hadithi hiyo mwaka mzima. Kisha akavuta kitabu, akakifungua kwenye njiti ya mwisho.

"Mwisho wake unasikika vizuri zaidi kwa sauti," alisema. "Mniruhusu."

Alisimama, kwa sababu hakuwahi kusoma kwa sauti akiwa amekaa. Alisoma kama alivyosoma siku za mvua, polepole, bila kuigiza, kila neno akilipa nafasi yake. Mwanamke anarudi, kweli. Anatembea mpaka getini. Ng'ombe wametoka, mume yuko mbali ndani ya shimo lake na hawezi kuwaona. Mwanamke anawaswaga ng'ombe wote ndani, mmoja baada ya mwingine, analifunga geti kwa nje, anajaribu komeo mara mbili, kisha anachukua sanduku lake na kushika barabara.

Nje mtu alikuwa anafagia ngazi. Masikio ya Tregear yalikuwa mekundu.

"Hapo pa komeo," alisema Dokta Orme. "Soma tena."

Akasoma tena. Tregear akaomba kitabu kile, akaenda nacho chumba cha pili, na hakuonekana kwa karibu saa nzima. Aliporudi alisema wazi kwamba hakuwa amekimaliza, kwamba sasa amekimaliza, na kura yake ni ya dereva wa basi. Dokta Orme alibaki na wale ndugu wawili wa Sydney na hakuficha. Wawili kwa mmoja.

Katibu alileta karatasi ya kutia sahihi. Mbele ya jina la Orme palichapwa "Mhadhiri", mbele ya Tregear "Mhariri", na mbele ya Glenys "Msomaji wa kawaida". Glenys aliomba kalamu. Akakata maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi.

Mlangoni Dokta Orme alitoa kitabu mkobani mwake. "Nakuazima," alisema. "Ukimaliza uniandikie kama wanafanya kazi."

"Nitakuandikia sentensi moja."

"Inatosha."

Alasiri, karibu na njia panda ya kwenda Gunyerra, barabara ilikuwa imejaa kondoo. Elfu mbili hivi, wakihamishiwa malisho mengine, vumbi jekundu likipanda kila upande. Glenys alizima injini, akanawa mikono kwa maji ya chupa dirishani, akafungua kitabu juu ya usukani. Kondoo walipita wakikwaruza milango ya gari. Mbwa walipita. Mwisho alipita mtu wa pikipiki, akamwashiria kwamba njia ni nyeupe, aende.

Glenys, bila kuinua macho, aliinua kidole kimoja: ukurasa mmoja kwanza.