Waya wa Mkono wa Kushoto

Punda milia alikuwa amesimama kando ya tangi langu la maji, mguu mmoja wa nyuma ukiwa hewani, kama mtu anayesita kuingia nyumba asiyoalikwa. Jua lilikuwa bado halijakolea. Nilitoka nje na kikombe cha chai ya rangi, nikamwona, naye akaniona, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kukimbia.

Waya ulikuwa umemla juu kidogo ya kwato. Nyama ilikuwa imevimba na kuufunika, ukawa unaonekana upande mmoja tu, ukimetameta. Nzi walikuwa wamekwisha kufika. Hao siku zote hufika kabla ya serikali.

Mimi ni fundi wa ua. Miaka ishirini na sita nimechimba mashimo, nimesimamisha nguzo na kukaza waya katika nyanda hizi za Kitengela. Nilipokuja kutoka Mwala ungeweza kutembea kutoka barabara ya Namanga hadi mtoni bila kuruka kitu. Halafu ardhi ikaanza kukatwa kama mkate. Kila aliyenunua kipande alitaka ua kwanza, nyumba baadaye, na mimi ndiye niliyeitwa. Wanyama nao hawakuambiwa. Mvua ikinyesha hutoka mbugani wakifuata njia za mama zao, wanakuta ukuta, wanazunguka, wanakuta ukuta mwingine. Wakubwa wanajua vizuri wanyama hupita wapi. Wana ramani. Walichora njia hizo kwa kalamu nyekundu, kisha wakatia sahihi hati za viwanja juu ya kalamu ileile. Nimelisema hili kwenye baraza ya chifu mara mbili, na mara zote mbili nimeambiwa niketi.

"Baba Evalyne, umeanza kufuga?"

Alikuwa Mugure, jirani yangu, anayeuza maziwa kwenye kibanda mkabala na lango langu. Ilikuwa inakaribia saa nne, naye aliegemea nguzo, mikono kifuani, akimtazama mnyama.

"Amejileta mwenyewe," nikasema. "Serikali imeshindwa kumtunza, mimi nimeshindwa kujitunza. Tutashindwa pamoja."

"Na huo mguu wako unaendeleaje?"

"Ni kiatu tu kinanibana."

"Kiatu hakitoi harufu hiyo. Na umevaa ndala."

Niliuvuta mguu nyuma. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimekanyaga ncha ya seng'enge. Sikusikia kitu. Jioni nilipovua kiatu nilikuta soksi imejaa damu, nikashangaa kama mtu aliyeokota damu ya mwingine. Kidonda kiligoma kufunga. Nilikifunga kwa kipande cha leso ya marehemu mke wangu Mbeke, ile aliyokuwa akijikaza kichwani mwaka wake wa mwisho, nikaendelea na shughuli zangu. Hata sukari nilikuwa nimeambiwa niko nayo. Mwaka uliopita wauguzi walikuja kanisani, wakatudunga vidole bure, wakanipa karatasi ya kupeleka kliniki kesho yake. Karatasi hiyo niliwashia jiko.

Mtu akiniuliza kwa nini siendi hospitali, humsimulia habari za Mbeke. Nimezisimulia kwa kinyozi, kwa mchungaji, kwa watu waliokuja tu kuniuliza bei ya ua. Huanza hivi siku zote: tulifika saa mbili asubuhi. Tukaketi kwenye benchi. Mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwa imeharibika, na aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha dawa alikuwa kwenye semina. Saa kumi Mbeke aliniegemea begani, nikadhani amepata usingizi. Hapo msikilizaji hutikisa kichwa na kuwalaani wakubwa, nami huridhika, kama mtu aliyekaza waya wa mwisho.

"Kuna namba ya watu wa wanyamapori," Mugure alisema. "Niliandika ukutani mwaka ule simba alikula mbuzi wa jirani yetu Obonyo. Napiga."

"Piga. Watakuja Krismasi."

Alikwenda zake. Aliyenijia baada yake ni Mwololo.

Mwololo ana bucha karibu na soko, na mishikaki yake ina wateja ambao hawaulizi maswali. Alizunguka nje ya ua wangu polepole, akimpima punda milia kwa macho, kisha akaingia na kuchuchumaa karibu nami.

"Kaloki, Mungu amekukumbuka."

"Amechelewa."

"Sikiliza. Huyu hatapona. Kesho kutwa fisi watamla akiwa hai, na hiyo ni dhambi. Mimi nakuja na kisu saa nane, watu wakiwa kwenye chakula. Nyama nachukua, paja moja lako." Akashusha sauti, akautazama mguu wangu. "Na mafuta yote yako. Mafuta ya punda milia, ukipaka kidonda siku saba, unaanza kuruka hizi ua zako mwenyewe."

"Nani amepona?"

"Mjomba wangu."

"Yuko wapi nikamwone?"

"Alikufa. Lakini si kwa mguu."

Ningependa kuandika kwamba nilimfukuza. Nilicheka, na huku nikicheka nilikuwa nafikiri juu ya mafuta. Usiku uliopita nilikuwa nimekifungua kidonda nikaona kidole cha mwisho kimegeuka rangi, kikawa kama zambarau iliyooza. Nilijua mtu mmoja huko Embulbul aliyeanza na kidole. Alimaliza na paja. Sasa anauza kadi za simu akiwa juu ya kigari. Fundi wa ua asiye na mguu ni nani? Nguzo hazisimamishwi na mtu aliyekaa.

"Saa nane," nikamwambia Mwololo. Alinishika bega akaondoka.

Nikabaki na yule mnyama. Nilimsogezea karai la maji kwa fimbo. Hakunywa. Kila mara aliushusha ule mguu, ukagusa udongo, akauinua tena upesi, na ngozi ya ubavuni ikamcheza. Sikutaka kumtazama machoni. Nilikuwa nimekwisha kumuuza.

Saa tano na nusu gari la kijani liliingia. Nilitazama simu yangu: tangu Mugure apige, saa moja na dakika arobaini. Alishuka msichana wa rika la binti yangu Evalyne, amevaa buti na koti lenye mifuko mingi, na dereva aliyemwita Felix.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Daktari Muthoni. Tumeambiwa kuna mgonjwa."

"Marahaba. Mke wangu alingoja tangu saa mbili hadi saa kumi," nikamwambia, "wala hakumwona daktari. Huyu amengoja chini ya saa mbili. Ningelijua, ningelimpaka Mbeke mistari."

Mugure aliyekuwa langoni aliinamisha kichwa. Msichana yule hakukasirika. Alinitazama kwanza, ndipo akasema, "Pole sana, mzee. Leo ni bahati tu, tulikuwa tumelala hapa Isinya. Wiki jana mwingine kama huyu alitungoja siku nne huko Oltepesi. Tulikuta mifupa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu ya ofisini. Hayo sikuwa nimeyatarajia.

Daktari alimchoma mnyama kwa bunduki ya sindano. Punda milia aliruka, akazunguka tangi mara moja, akaanza kupepesuka kama mlevi wa mwisho wa mwezi, akapiga magoti, akalala ubavu. Felix alimfunika macho kwa kitambaa. Daktari alipiga magoti kwenye ule mguu, akaufukua waya kutoka ndani ya nyama, akanyoosha mkono bila kugeuka. Felix akamwekea koleo. Alibana, likateleza. Akabana tena.

"Huo ni waya wa nguvu," nikasema. "Koleo lenu ni la kukatia maua."

"Uko na lingine?"

Niko na lingine. Limekaa mkononi mwangu zaidi ya kijiko. Nilikwenda nikalileta, nikachechemea hadi pale, nikapiga magoti upande wa pili. Daktari aliivuta nyama kando kwa vidole vyake vyenye glavu, nikaingiza meno ya koleo, nikakata. Waya ukalia kidogo, ukaachia. Niliuvuta polepole hadi kitanzi chote kikaja mkononi mwangu, kimelowa.

Hapo ndipo nilipoona fundo.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akinicheka, akasema waya wa wenzangu unakuja kazini, wangu unarudi nyumbani kwetu, kwa sababu huzunguka kinyume. Nazungusha mara tatu, kisha ncha naikunja ndani isimchome mwenye kiwanja. Katika Kitengela yote, hadi Kajiado mjini, sijaona mwingine afungaye hivyo. Mizunguko ilikuwa mitatu. Ilikuwa imekwenda kushoto. Ncha ilikuwa imekunjwa ndani.

Huenda ni wa ua wa mwaka jana, huenda ni wa miaka kumi nyuma. Nikimaliza kazi, vipande na vitanzi nilikuwa nikiviacha nyasini. Aliyelipa alilipia ua, hakulipia kufagia. Nimeviacha vingapi? Ni sawa na kuulizwa nimepumua mara ngapi.

"Watu wanaotupa hizi waya," alisema daktari, akinyunyiza dawa ya rangi ya buluu kwenye kidonda, "natamani siku moja wapige magoti hapa."

"Ndiyo," nikasema. "Watu."

Nikakitia kile kitanzi mfukoni.

Nilipojaribu kusimama, ndala ilinitoka. Daktari alikuwa akijaza sindano nyingine, akasita. Alikitazama kile kipande cha leso, na doa lililopenya, kwa macho yaleyale aliyoutazamia mguu wa mnyama.

"Mzee, tangu lini?"

"Ni kitu kidogo. Na wewe ni daktari wa wanyama."

"Kweli. Nikikutibu watanifunga."

"Basi niache. Tofauti yangu na huyu ni mistari tu."

Alicheka, lakini hakuniacha. Aling'oa unyasi mkavu, akainama. "Unasikia hapa?"

"Wapi?"

"Hapa."

Niliangalia chini. Alikuwa akinigusa juu ya kidole kilichogeuka rangi, unyasi umepinda kwa kukazwa. Sikuwa nimesikia chochote.

Aliutupa ule unyasi. "Huyu aliinua mguu kwa sababu unamuuma," akasema. "Ndiyo maana hajauharibu kabisa. Wewe umeutembelea wako siku ngapi? Mzee, mimi nimeona vidonda vingi. Kinachonitisha ni hicho ambacho mwenyewe hakisikii. Nenda leo. Usiseme kesho, tafadhali."

Alisema "tafadhali" kama Evalyne, ambaye kila Jumapili hunipigia kutoka Loitokitok kati ya makreti yake ya nyanya, akiniuliza kama nimepimwa, nami humwambia mtandao unakatika.

Kisha akamdunga punda milia sindano ya kumwamsha, tukarudi nyuma sote. Alilala kidogo. Sikio likacheza. Akainua kichwa, akajikusanya, akasimama kwa kishindo, miguu yote minne ikiwa chini. Alibaki hivyo kwa muda, kama asiyeamini, ndipo akatoka langoni mwangu akitembea, akachechemea kuelekea palipobaki wazi kati ya ua nilizojenga mimi mwenyewe.

Saa nane Mwololo alipita na mfuko wake chini ya kwapa. Aliona gari la kijani, ambalo Felix alikuwa bado analiosha magurudumu kwa maji yangu, akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani na kupita moja kwa moja. Sikumwita.

"Mugure," nikasema. "Ukifunga kibanda sasa, maziwa yataharibika?"

"Yaharibike," akasema. Alikuwa amekwisha kushika kofuli.

Katika kituo cha afya kulikuwa na benchi. Sikuwa nimekaa kwenye benchi la namna ile tangu siku ile, na nilipokaa bega langu la kulia likawa zito. Nilingoja maneno ninayoyajua: rudi kesho, mashine imekufa, mwenye ufunguo hayupo. Tulikaa saa mbili na zaidi. Kuna mama alinirukia foleni na hakuna aliyemwambia kitu, na dirisha la dawa lilikuwa na karatasi ya orodha ya dawa ambazo hazipo. Sitaki mtu aseme niliyakuta mambo yamenyooka. Lakini jina langu liliitwa.

Tabibu alikuwa kijana mpole aitwaye Kahiga. Alikifungua kidonda bila kukunja uso. Aliondoa ile leso, akataka kuitupa kwenye ndoo, nikamwomba anipe. Alinipima sukari, akaiangalia namba mara mbili. Kuhusu kidole, hakuniahidi kitu. Mguu, akasema, tutaupigania, lakini lazima niende hospitali ya Kajiado asubuhi, na barua anaandika sasa hivi. Kisha akavuta fomu.

"Una mke, mzee?"

"Alifariki."

"Pole. Alikuwa na ugonjwa gani?"

"Presha."

"Ilikuwaje?"

Nilifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa kama nguzo: tulifika saa mbili asubuhi. Hayo yote yalitokea, na sitafuta hata moja. Ila mkono wangu ulikuwa mfukoni, na vidole vilikuwa vimekwisha kuligusa lile fundo, vikalihesabu vyenyewe. Mara tatu. Kushoto. Ncha ndani. Nikamwona Mbeke amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso imekazwa kichwani hadi nyusi zimevutika, akiniuliza kama tuna nafasi ya kwenda kupimwa.

"Ilianza Januari," nikasema, "kichwa kilipoanza kumuuma. Nilimwambia hospitali ni kupoteza siku. Nilimchemshia mwarobaini. Hospitali tulikwenda Juni."

Kahiga aliacha kuandika. Nje, kwenye benchi, nilimsikia Mugure akimweleza mtu asiyemjua jinsi punda milia alivyosimama.