Jina Ambalo Gari Lililijua

Gari la Toktosun lilikuwa na maradhi ambayo familia nzima ilishayazoea, kama watu wanavyomzoea mjomba anayekoroma. Honi ilikufa zamani. "Dereva mzuri hana haja ya kupiga kelele," alisema Toktosun, na habari ya honi ikaishia hapo. King'ora cha wezi alikikata waya mwenyewe, kwa kuwa kililia kila paka alipopita. Pazia la umeme la kioo cha nyuma lilipanda kiangazi kilichopita na likagoma kushuka. Buti lilifunguka lilipojisikia.

Lakini lilikuwa gari la Kijerumani, refu, jeusi, lenye viti vya ngozi na milango inayojivuta taratibu hadi ikajifunga yenyewe. Vioo vyake vilikuwa vya tabaka mbili, hata ng'ombe akilia pembeni yako unaona mdomo tu ukifunguka. Watu wa bonde la Talas walilipisha njia bila kuombwa.

"Hili si bovu," Toktosun alikuwa akisema. "Lina umri. Hata mimi nina umri. Mnataka kunibadilisha?"

Kazi ya Perizat, mke wa mwanawe, ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na binti yake mchanga, Adinai, na kusikiliza. Aliyajua magonjwa ya gari lile kuliko mwenyewe: mlio wa upande wa kulia wakati wa kukata kona, harufu ya maji moto mlimani, mtetemo unaoanzia chini ya nyayo. Kila safari alishuka mabega yamemkaza.

Siku hiyo walikuwa wakienda kwenye hitima ya mwaka ya kaka yake Toktosun. Walipoanza kupanda, kitu chekundu kikawaka mbele ya usukani.

"Baba, taa imewaka," Perizat alisema.

"Ipi?"

"Ile yenye picha ya birika."

"Hiyo huwaka kila tukipanda. Siku isipowaka ndiyo uogope."

Mama mkwe, Zuura, akacheka hadi chai ikamwagika kutoka kwenye kikombe cha chupa ya chai. "Mwache baba yako aendeshe, mwanangu. Wewe ungekuwa daktari, ungewatibu hata wazima."

Perizat alikuwa hodari wa kunyamaza. Tangu siku alipofungwa kitambaa cheupe cha bibi harusi, hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe, si mbele yake, si kisogoni, si peke yake jikoni. Ndivyo mkaza mwana anavyofanya kwao. Na kwa vile ndani ya jina Toktosun mna neno la lugha yao la kumwambia mtu asimame, hilo nalo aliliacha. Akitaka gari lisimame, alisema, "Baba, hapa panapendeza."

Desturi hiyo ilishawahi kumgombanisha na gari lenyewe. Kati ya viti vya mbele palikuwa na simu iliyojengewa humo, fahari ya zama zake, yenye antena juu ya paa na betri yake yenyewe. Toktosun aliendelea kuilipia laini mpaka leo kwa ukaidi tu. Kioo chake kidogo kilikuwa cheusi tii, na vitufe vya moja na sifuri vilikufa. Ila ukibonyeza kitufe cha pembeni ukataja jina, ilipiga. Mume wake Perizat, Kanat, kabla hajaenda Urusi kwenye kazi ya ujenzi, alikaa Jumapili nzima akiifundisha majina.

"Sasa lile la baba. Sema wewe, sauti yako ndiyo iikariri."

"Niseme nini?"

"Jina lake, Perizat! Hakuna mtu humu."

"Weka 'Baba'."

"Nimeweka. Inachanganya na 'Mama', inampigia kila mtu. Sema basi."

"Sisemi."

Kanat akalisema mwenyewe kwa sauti yake nene, na mwanamke wa Kijerumani aliyeishi ndani ya dashibodi akaitikia kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. "Haya," Kanat akacheka. "Baba yumo. Ila wewe hutampata."

Walipofika hitimani, kivuli cha miti mirefu ya mipopla kilikwisha kuchukuliwa na farasi na magari ya waliowahi. Toktosun akaegesha chini kabisa, ukingoni mwa shamba la maharage, jua likiwa wima. Mahema ya sufu yalikuwa huko juu, yakitoa moshi wa masufuria ya nyama.

Zuura akanyoosha mkono nyuma. "Nipe simu yako, mwanangu. Yangu haipigi picha ya maana, nimeiacha nyumbani, na nataka kuwapiga picha farasi."

"Chukua, Mama. Mimi namnyonyesha huyu kwanza, kisha nakuja."

Zuura alikuwa ameshafungua mlango. Alisikia nusu. Toktosun hakusikia hata hiyo, alikuwa nje akikumbatiana na wazee na kuvaa vizuri kofia yake ya sufu. Perizat akainama upande wa pili wa kiti, mgongo kwa dirisha, ili wanaume wanaopita wasimwone akifungua vifungo.

Akasikia mlio mdogo. Vioo vya pembeni vikajikunja kama masikio ya punda. Kisha klaki, na klaki nyingine.

Toktosun alikuwa akipanda kwenda kwenye mahema, mkono ameunyoosha nyuma bila kugeuka, rimoti imeelekea garini. Alipenda kufunga hivyo, kama mtu anayemfukuza nzi. Na alibonyeza mara mbili. Kanat aliwahi kumweleza Perizat maana ya mara mbili: vitasa vya ndani navyo vinakufa, ili mwizi akivunja kioo asiweze kufungua mlango. Akavuta kitasa. Kililegea mkononi mwake kama kidole cha mtu aliyezimia.

Baba mkwe alikuwa hatua chache tu. Mtu huitwa kwa jina lake akageuka, hata akiwa usingizini. Jina lilikuwa pale, nyuma ya meno. Perizat akagonga kioo kwa ncha za vidole, kwa adabu, akaita, "Baba!" kwa sauti inayotosha kuomba sukari mezani.

Ng'ombe wenyewe hawakusikika kupitia kile kioo.

"Atarudi," alimwambia Adinai. "Amesahau kitu, daima husahau kitu."

Hakurudi. Hakuna aliyerudi. Zuura angedhani yuko kwenye masamova, yale mabirika makubwa ya chai, na wakaza mwana wenzake, akiosha vikombe, maana hapo ndipo mahali pa mkaza mwana. Wanawake wa masamova wangedhani yuko na Zuura.

Ngozi nyeusi ya viti ikaanza kunuka kama kiatu kilichosahauliwa kando ya jiko. Perizat akajaribu vitufe vya madirisha. Bila ufunguo vilikuwa mapambo. Akaruka mbele, akaikandamiza honi kwa mikono miwili ingawa alijua, akaikandamiza tena. Akapiga kioo kwa kisigino cha kiatu. Akapiga kwa chuma cha mkanda. Akataka kuung'oa mto wa kichwa apate vyuma vyake, lakini mto wa gari la kifahari haung'oki, hupanda na kushuka kwa umeme, na umeme ulikuwa mfukoni mwa Toktosun. Akatikisa mwili mzima ili king'ora kilie. Kisha akakumbuka paka.

Kila kitu walichokuwa wakikicheka kwa miaka kilikuwa kimejipanga kumzunguka, kimya.

Adinai alilia, akalia, kisha akaacha. Hilo lilimtisha Perizat kuliko kilio. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu na makavu. Jasho lilikuwa limeacha kumtoka. Akamvua nguo zote, akampepea kwa kitambaa cha kumbebea, akampa ziwa. Mtoto alilishika bila nguvu, akaliachia.

"Usilale. Adinai, usilale, mama. Nitazame."

Akaiona simu.

Namba za dharura zote huanza na moja, na moja ilikuwa imekufa. Akabonyeza kitufe cha pembeni. Mwanamke wa Kijerumani akauliza kitu.

"Kanat!"

Mara ya kwanza mwanamke alikataa, mara ya pili akakubali. Spika ikakwaruza. Mbali sana, Urusi, simu ikaita, ikaita, ndani ya kabati la nguo za kazi pengine, na Kanat juu ya jengo. Ikakatika.

Simu ya Mama ilikuwa nyumbani. Likabaki jina moja.

Akabonyeza. Mwanamke akauliza. Perizat akafungua kinywa na jina likakwama, kana kwamba lilikuwa na mfupa. Akamtazama mtoto. Macho yalikuwa yakijifunga.

"Toktosun," alinong'ona.

Mwanamke hakuelewa.

"Toktosun."

Mwanamke akauliza tena, kwa ile sauti ya mwalimu aliyechoka. Perizat akaishusha sauti yake tumboni, akaifanya nene kama ya Kanat. "Toktosun!"

Spika ikakwaruza, ikanyamaza. Hakuna mlio, hakuna Mjerumani. Kioo cha simu kilikuwa cheusi kama siku zote, hakikumwambia kama imekubali, imekataa au imekufa na yenyewe. Perizat akaamini imekufa. Na hapo kitu ndani yake kikakatika.

"Toktosun! Toktosun! We Toktosun, masikio yako umeyaziba na sufu? Mjukuu wako anakufa kwenye gari lako! Rudi ufungue, Toktosun! Honi yako mbovu, king'ora chako kibovu, na sasa mtoto wangu! Toktosun! Toktosun!"

Alikuwa bado anapiga kelele alipoona kitu kinashuka katikati ya maharage. Hakupita njia, alipita juu ya mazao ya watu, kichwa wazi, kofia ameifumbata mkono mmoja na rimoti mkono mwingine ameitanguliza kama tochi. Baba mkwe wake hakuwahi kukimbia tangu amjue.

Rimoti iliyofunga kutoka mbali ilikataa kufungua kutoka karibu. Toktosun aliibonyeza, akaigonga pajani, akaibonyeza. Akachomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, akautafutia tundu mlangoni, akausukuma. Kutu ikamgomea. Akasukuma kwa mikono miwili, midomo ikisema jambo ambalo Perizat hakulisikia. Ufunguo ukazunguka.

Hewa.

Akamnyakua mtoto kwa Perizat bila neno, akakimbia naye hadi mfereji wa shamba la maharage, akapiga magoti ndani ya maji na kofia yake ya kwendea hitimani, akachota nayo maji akammwagia kichwani, kifuani, kichwani. Perizat alipofika, Adinai alivuta pumzi ndefu ya kushtuka na kulia kwa hasira, sauti ambayo ingetosha honi kumi.

Zuura akawafikia akihema. Alimshika mtoto, akamgusa miguu, mashavu, utosi. Akatoa machozi. Kisha, alipohakikisha mtoto ni mzima, akageuka.

"Unajua ulichofanya?"

"Nini, Mama?"

"Wazee wote wameketi. Yasini imefika katikati. Simu inamlilia baba yako mfukoni, anataka kuizima, anabonyeza vibaya kama kawaida yake, na yeye hupokea kwa spika maana hasikii. Na wewe unatokea! Jina lake, mara moja, mara mbili, mara sijui ngapi, na masikio ya sufu juu yake. Msomaji amefunga msahafu. Wakwe wa marehemu wanatazamana. Mkaza mwana wangu!"

"Sikujua kama imepokelewa."

"Ndiyo, tutawaambia hivyo. Twende. Utaingia, utainama mara tatu, utaomba radhi kwa baba yako mbele yao, tumalize. Nyama imeshapakuliwa, hakuna anayeigusa."

Perizat akamtazama Toktosun. Alikuwa bado amekaa ukingoni mwa mfereji, suruali imelowa hadi kiunoni, kofia imevimba maji mapajani. Nyuma yake gari lake jeusi lilikuwa milango wazi, na buti, ambalo halikuguswa na mtu, lilikuwa limejifungua.

"Sema tu, mwanangu," Toktosun alisema bila kuinua uso. "Neno moja. Mimi mwenyewe sijakasirika, lakini wanangoja."

Perizat akampokea mtoto wake, akamfunga kifuani kwa kitambaa chake kilicholowa jasho, akakaza fundo. Huko juu, mbele ya hema kubwa, wanaume wa kofia nyeupe walikuwa wamesimama mstari mmoja wakitazama chini.

"Wangoje," alisema. "Toktosun alinifungia, nikamwita Toktosun, Toktosun akaja. Siombi radhi."